Karatasi ya ekografia ya moyo inasema nini?

Baadhi ya ndugu zetu wa Butembo na Beni hurudi kutoka hospitali na karatasi ya Kifaransa yenye maneno mawili: iskemia na hipokinezia. Wengine hudhani ni hukumu ya kifo. Sivyo.

Msuli wa moyo nao unahitaji damu, na una mishipa yake yenyewe. Mafuta yakiganda katika kuta za mishipa hiyo, hasa kwa mwenye tansio, sukari au anayevuta tumbaku, njia inabanwa na damu inapungua: ndiyo iskemia. Sehemu iliyokosa damu inajikaza kwa unyonge huku sehemu za jirani zikipiga vizuri: ndiyo hipokinezia. Mara nyingi msuli huo ungali hai, na damu ikirudi unaweza kuamka. (Kwa mama aliyejifungua karibuni, moyo wote unaweza kunyong'onyea bila mshipa kuziba.)

Lakini mshipa ukiziba kabisa, msuli unaanza kufa ndani ya nusu saa hivi. Basi maumivu mazito ya kifua, yenye jasho baridi, yasisubiri mkesha uishe. Tuombe tukiwa njiani. Na usiku, barabara kati ya miji yetu ikiwa si salama, tuanze na hospitali iliyo karibu.

Karatasi ile msiitupe: daktari atailinganisha na ya pili.