Fahamu: Kwa nini swichi ndogo ya ndege hudai ukaguzi mkubwa

Swichi hii, kifaa cha kubadilisha njia za mawimbi ya redio, hufungwa mbali na rubani, karibu na antena au kwenye chumba cha vifaa vya elektroniki. Rubani hubonyeza kitufe tu, na kifaa huchagua redio au antena itakayotumika. Faida yake ni nyaya chache na uzito mdogo. Lakini kukifunga si kukaza skrubu na kuondoka; ni kuibadilisha ndege yenyewe, na badiliko hilo lazima lipimwe pamoja na mfumo mzima.

Funzo zito kuhusu vifaa vinavyoongezwa kwenye ndege ni ajali ya ndege ya Swissair 111, iliyoshika moto na kuua watu 229 karibu na pwani ya Nova Scotia, Kanada, Septemba 2, 1998. Wachunguzi walikuta alama za cheche kwenye nyaya, zikiwemo za mfumo wa burudani uliofungwa baadaye, ingawa hawakuthibitisha kwamba ndizo zilizoanzisha moto. Lililo wazi ni kwamba swichi ya kuzima umeme wa sehemu ya abiria haikuuzima mfumo huo.

Wapo watakaosema kifaa kina cheti tayari, na ndege iliyolala karakanani ni hasara. Hasara ipo kweli, ila cheti cha kifaa hakisemi waya utapita wapi, utasuguana na nini, wala umeme ukizidi utakatwa vipi. Majibu hayo hutoka kwenye michoro iliyoidhinishwa na vipimo vinavyofanywa ndege ikiwa bado ardhini. Tusiwanyime mafundi muda wa vipimo hivyo, maana angani hakuna mahali pa kuegesha.