Shule Ipi Bora Upanga?

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, hapa Dar es Salaam huzuka ubishi: Azania au Tambaza? Jangwani au Zanaki? Wengi huhesabu divisheni wani tu. Hesabu hiyo ina kasoro, nasi tunaeleza kwa nini.

Kwanza, tazameni idadi ya watahiniwa. Tuseme shule moja ina wani 45 kati ya watahiniwa 300, na nyingine wani 15 kati ya 60. Ya kwanza ni asilimia 15, ya pili asilimia 25. Iliyodhaniwa nyuma ndiyo iliyo mbele.

Pili, tazameni sifuri. Wani zinaonyesha waliofika. Sifuri zinaonyesha walioachwa njiani.

Tatu, tazameni masomo. Anayetaka udaktari aangalie alama za fizikia, kemia na baiolojia katika orodha ya Baraza la Mitihani, na kama shule ina mchepuo wa PCB.

Ada katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kwa kidato cha tano na sita. Basi mnapojaza fomu za kidato cha tano, chagueni kwa hesabu. Jina la shule haliingii nawe katika chumba cha mtihani.