Kusikiliza Milio ya Angani

Kama unakaa Tarime, bila shaka umewahi kusikiliza redio ya mawimbi ya kati siku ya mvua. Kila umeme unapomulika, redio hukwaruza. Mkwaruzo huo ni mawimbi ya redio yaliyotolewa na radi. Mawimbi ya redio husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde moja, sawa na mwanga. Kwa hiyo mkwaruzo huja pamoja na umeme, na ngurumo hufuata nyuma.

Mwaka 1932 mhandisi wa Marekani, Karl Jansky, alikuwa akichunguza mikwaruzo ya namna hiyo. Alipokwisha kuitenga mikwaruzo ya radi, alibakiwa na mvumo mdogo ambao haukutolewa na radi yoyote. Ulitoka katika ule ukanda mweupe wa nyota unaouona usiku usio na mwezi. Wataalamu wengi hawakuushughulikia. Aliyeushughulikia ni Grote Reber, mwanaredio wa ridhaa, yaani mtu atumiaye mitambo ya redio kwa kupenda kujifunza, si kwa mshahara. Mwaka 1937 alijenga, kwa fedha zake mwenyewe, ungo wa bati wenye upana wa zaidi ya meta 9. Majaribio yake mawili ya kwanza hayakupata kitu. La tatu likaupata mvumo ule. Wanaredio wa ridhaa wako Tanzania pia, na majina ya vituo vyao huanza na 5H.

Tangu mwaka 1960 wanasayansi wametumia mitambo ya namna hii kutafuta kama wako viumbe wenye akili, mbali huko kwenye nyota, wanaotuma mawimbi ya redio. Lakini mtu atajuaje kwamba mlio alioupata umetumwa, wala si wa asili kama ule wa radi?

Tazama kazi ya watafiti wa simba katika Serengeti. Baadhi ya simba huvishwa shingoni ukanda wenye redio ndogo. Mtafiti huzungusha eriali yake. Akisikia "tik, tik, tik" kwa mwendo usiobadilika, hujua simba yuko upande ule. Radi hailii hivyo. Je, mlio kama huo ukitoka angani, si lazima umetumwa na kiumbe?

Sivyo. Mwaka 1967, huko Uingereza, mwanafunzi Jocelyn Bell aligundua mlio uliorudi kila baada ya sekunde moja na thuluthi, bila kukosea. Yeye na mwalimu wake walijiuliza kama umetumwa na viumbe. Kisha akapata mwingine, katika sehemu nyingine kabisa ya anga. Ikajulikana kwamba milio hiyo hutoka kwenye nyota ndogo, nzito mno, zinazozunguka na kumulika mawimbi yao kama kurunzi inayozungushwa.

Kwa hiyo watafutaji huangalia jambo lingine. Unapozungusha kitufe cha kutafutia stesheni, kituo hukipata mahali pamoja tu, bali mkwaruzo wa radi huupata kila mahali. Mlio wa angani unaosikika mahali pamoja tu ndio unaostahili kuchunguzwa, na hapo tena lazima wahakikishe hautoki kwenye setilaiti zetu wenyewe. Mpaka sasa hakuna hata mmoja uliothibitishwa.

Radi zitakapoanza, kaa ndani ya nyumba na redio ya betri, uzungushe kitufe uone kama ni kweli. Kisha hesabu sekunde tangu mkwaruzo hadi ngurumo. Ngurumo husafiri kilometa moja kwa sekunde 3 hivi. Radi hiyo ilipiga umbali gani kutoka kwenu?