Biskuti Laini za Chungwa na Limau

Msimu wa machungwa ukifika, mkulima wa Makueni au wa Kilifi huuza mazao yake kwa bei atakayopewa, maana tunda lililoiva halimngoji mtu. Wakati huo huo karani wa mjini hutoa fedha dukani kununua biskuti zilizo ngumu, ambazo harufu yake ya chungwa imetoka katika chupa. Yafaa nyumba zote mbili zijue namna ya kuoka biskuti zilizo laini. Unga, siagi na sukari hununuliwa kwa jasho, na biskuti ikitoka kama kigae, fedha hizo zimepotea.

Siri ya kwanza ni ganda. Mchuuzi wa Mombasa anapomenya chungwa kwa kisu chake kikali, ile ngozi nyembamba ya juu huanguka chini ikakanyagwa, nayo ndiyo yenye vifuko vya mafuta ya harufu. Sehemu nyeupe iliyo chini yake ni chungu na haitakiwi. Osha machungwa mawili na limau moja, ukwaruze ngozi hiyo kwa bati lililotobolewa kwa msumari, kisha uisugue kwa vidole pamoja na sukari gramu 150 mpaka sukari ilowe na kunukia.

Changanya sukari hiyo na siagi laini gramu 110, halafu yai moja, na maji ya limau vijiko viwili vya mezani. Mwisho tia unga wa ngano gramu 250, yaani vikombe viwili hivi, uliochungwa pamoja na nusu kijiko cha chai cha magadi ya kuokea na chumvi kidogo. Magadi hayo ni yale ya dukani yauzwayo kwa kazi hiyo, wala si magadi ya mawe yatokayo Ziwa Magadi, ambayo yangeacha ladha ya sabuni. Ukali wa limau ukikutana na magadi, hewa hutoka na kuinua donge. Kwa hiyo hapana budi jiko liwe limekwisha kupata moto kabla hujachanganya.

Usikande. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kuwa wamezoea kukanda chapati. Unga wa ngano ukikandwa sana huvutika kama mpira, na biskuti huwa ngumu. Koroga mpaka unga mkavu usionekane tena, basi.

Mwenye tanuri aoke kwa nyuzi 180 za Selsiasi, dakika 10 hadi 12. Asiye nalo achukue sufuria kubwa, aweke mchanga mkavu chini na vijiwe vitatu juu yake, apashe moto vizuri, aweke sahani ya bati juu ya vijiwe, afunike, na kupanga makaa machache juu ya kifuniko. Dakika huzidi hapo, na jicho ndilo saa. Kingo zikianza kuwa za dhahabu na katikati kungali kweupe, epua. Zitaonekana mbichi, lakini joto la sahani litamaliza kazi.

Mtu asidhani kwamba biskuti hizi zachukua nafasi ya tunda lenyewe, kwa maana moto huharibu sehemu ya vitamini C. Machungwa yaliyokwaruzwa wapewe watoto wayale siku hiyo hiyo, maana bila ngozi yake hukauka upesi. Biskuti zikipoa, zitiwe katika mkebe wenye kifuniko pamoja na kipande cha mkate, nazo zitakaa laini siku tatu au nne.