Maneno ya Kiingereza ya kuudhi na mizani yake katika Kiswahili

KATIKA zoezi moja la tafsiri ninalowapa wanafunzi wangu, kuna sentensi sita za Kiingereza zinazotofautiana kwa kitenzi tu: "annoy", "irritate", "upset", "rile", "provoke" na "harass". Aghalabu karatasi hurudi na kitenzi kimoja mara sita: kukasirisha. Wachache hujikaza wakaandika kuudhi mahali pamoja. Nikiwauliza mbona, jibu ni lile lile: "Prof, si ni kitu kimoja tu?"

Hapana. Tena tofauti hizi zimewahi kufikishwa mbele ya jaji hapa Kenya. Nitafika huko, lakini kwanza tuyapime maneno yenyewe.

"Annoy" liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, nacho kilikuwa kimeliunda kutokana na kauli ya Kilatini "in odio", yaani katika chuki. Lilianza likiwa zito, likachakaa kwa matumizi. Leo hata nzi anayezunguka sufuria anaweza kutendewa haki na neno hilo. Mzizi huo huo uliwapa Wafaransa "ennui", ule unyong'onyevu wa mtu asiye na la kumshughulisha, pamoja na kitenzi "ennuyer", ambacho hadi leo kinamaanisha kuchosha na kuudhi kwa pamoja. Nalitaja hili kwa kuwa vijana wetu wamepita njia iyo hiyo bila kufundishwa na Mfaransa yeyote. Wamelichukua neno la Kiingereza la kuchosha, "bore", na sasa kijana wa Nairobi akikwambia "umeniboo", halalamiki kwamba hadithi yako ni ndefu. Anakwambia umemuudhi au umemwangusha. Ng'ambo ya mpaka, Mtanzania naye husema "unaniboa". Wapo wenzangu wanaokunja uso wakisikia hivyo. Mimi sikunji. Maana ikihama kutoka uchovu hadi udhia, inafuata njia iliyokanyagwa karne nyingi zilizopita.

Kiswahili sanifu chenyewe kina ngazi zake. Kusumbua hakuhitaji hasira: mgeni anayebisha hodi usiku wa manane anaweza kunisumbua na bado nikamfungulia kwa furaha. Kukera kunataka jambo linalorudiarudia, kama tone la maji kwenye beseni. Sauti yake inakaribiana na kukereketa, yale mawasho ya kooni, na ndiyo maana naona kukera kunafaa zaidi kwa "irritate" ya moyoni. (Ya ngozini ni kuwasha. Sabuni haiudhi ngozi, jamani, inaiwasha.) Kuudhi kumetoka kwa neno la Kiarabu lenye maana ya madhara, na harufu hiyo ya kuumizwa haijamtoka hata leo. Aliyeudhika amefikwa na jambo. Juu zaidi kuna kuchukiza, kisha kughadhabisha, ambapo mtu hujishika asije akavunja vyombo.

Kwa "rile" nina jibu ambalo wanafunzi hulifurahia. Neno hilo ni ndugu wa "roil", kuvuruga maji hadi tope la chini lipande juu. Nasi tuna kutibua! Maji yaliyotulia hutibuliwa, na mtu akitiwa hasira husemwa ametibuliwa au nyongo imemtibuka. Waingereza nao wana nyongo yao, "gall", na kitenzi chenye umbo hilo hilo humaanisha kuudhi. Lugha mbili zilizokua mbali mbali zimechota picha kutoka dimbwi lile lile na kiungo kile kile cha mwili. Mtafsiri anayeandika kukasirisha hapo ametupa zawadi aliyopewa bure.

Neno linalowatatiza wanahabari zaidi ni "upset". Zamani lilimaanisha kusimamisha kitu wima, baadaye likageuka kuwa kupindua, kama wimbi linavyopindua mtumbwi, ndipo likahamia moyoni. Moyo uliopinduka unaweza kumwaga machozi, hofu au hasira. Sasa chukua mama aliyefiwa, ambaye ripoti ya Kiingereza imesema yuko "upset". Habari ikisomwa kwa Kiswahili kwamba mama huyo "amekasirika", msikilizaji anabaki akijiuliza amemkasirikia nani. Mama wa watu alikuwa na majonzi, labda amefadhaika. Hapa kosa la kitenzi limempa mfiwa ugomvi asioujua.

Tofauti nyingine imo katika viambishi. Tukisema nimeudhiwa, kuna aliyeniudhi. Tukisema nimeudhika, hali ni yangu, na huenda hakuna aliyenikusudia. Kuchokoza, ambako ndiko naona kunalingana na "provoke", hakukubali ajali: mchokozi anajua anachofanya.

Sasa twende kortini. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998 kilifanya kuwa kosa kutuma ujumbe unaojua ni wa uongo kwa nia ya kumletea mwingine udhia, usumbufu au wasiwasi usio na sababu. Faini haikuzidi Sh50,000, kifungo hakikuzidi miezi 3, au vyote viwili. Watu walishtakiwa kwa maandishi yao ya Facebook na Twitter. Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi, wakati huo wa Mahakama Kuu, alikibatilisha kifungu hicho. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba maneno yake hayakufafanuliwa na yalikuwa mapana mno, hata raia asiweze kujua mapema ni lini amevuka mpaka. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imefika hapo mwaka wa 1971, katika kesi ya mji wa Cincinnati. Sheria ndogo ya mji huo ilikataza watu 3 au zaidi kukusanyika kando ya barabara na kuwaudhi wapita njia. Mahakama ilisema linalomuudhi huyu halimuudhi yule.

Nomino "annoyance" inaficha mengi. Mwandishi wa sheria wa Kiswahili akitumia vitenzi, angelazimika kuchagua: tunamwadhibu aliyechokoza, au tunamwadhibu mtu kwa sababu mwenzake ameudhika? La pili ni hatari kwa yeyote anayeandika, mimi nikiwemo.

Limebaki "harass", na hapa kosa huenda upande wa pili, wa kupunguza uzito. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inampa mwenye mamlaka anayemwandama mtu kingono kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua Sh100,000, au vyote viwili. Hata hivyo, utasikia "harassment" ikitafsiriwa kuwa usumbufu, neno lile lile la mgeni wa usiku wa manane. Tumia unyanyasaji. Karani akimwandikia mwanamke kwamba "alisumbuliwa na mkubwa wake kazini", anayeisoma taarifa hiyo baadaye ataona simu zilizopigwa mara nyingi mno, au kazi za ziada siku ya Jumamosi.