Mrija wa Mayai wa Chura na Homoni Zinazouamuru

Mvua za vuli zinapoanza kunyesha Butiama na Bunda, na malambo ya kunyweshea ng'ombe yakajaa, huanza humo shughuli kubwa ambayo mpita njia aghalabu haioni. Kwani chura akaaye majini humo, yule asiye na ulimi, mwenye ngozi ya utelezi na kucha tatu nyeusi katika kila mguu wa nyuma, huitana na mwenziwe chini ya maji. Huyu ndiye Xenopus victorianus, aliyepewa jina hilo na Ernst Ahl mwaka 1924 kwa ajili ya ziwa lile lile ambalo mji wa Musoma umejengwa kandoni mwake.

Asili ya amri zote ni ubongo. Ukipata dalili za majira mema, yaani maji mapya, joto na chakula cha kutosha, huiagiza tezi ya pituitari imwage katika damu homoni za kukiamsha kifuko cha mayai. Nacho hutoa estrojeni, ambayo taathira yake hufika mbali, maana huliamuru ini litengeneze protini ya kiini cha yai, na mrija wa mayai huuamuru unenepe.

Mrija huu wengi hudhani ni njia tu ya kupitia, ilhali kazi yake ni kubwa mno. Wakati wa kiangazi huwa mwembamba; estrojeni ikizidi hurefuka ukajikunja kama utumbo, na kuta zake zikajaa tezi zenye ute mzito, hata ukikata kipande chake ukakitia katika kisahani cha maji, huvimba mbele ya macho yako. Ute huo hulizunguka yai tabaka juu ya tabaka linaposhuka, na yai lililoukosa, mbegu ya dume haiwezi kulirutubisha.

Saa ya kutaga ikikaribia, pituitari huzidisha homoni ya LH kwa ghafula. Kifuko hutoa projesteroni, mayai yakapevuka na kudondokea katika uwazi wa tumbo, kisha vinyweleo vidogo mno huyasukuma hadi mdomo wa mrija, ulio juu karibu na mapafu. Na homoni ya vasotosini huzikaza kuta za mrija ili yatoke.

Nguvu ya amri hizi ilidhihirika Cape Town, mwanabiolojia Lancelot Hogben alipomdunga chura wa jamii hiyo dawa iliyotokana na pituitari ya ng'ombe, naye akataga. Katika miaka ya 1930 ikabainika kwamba mkojo wa mwanamke mja mzito hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa homoni ya mimba hutenda kazi kama LH. Na kwa miaka mingi hospitali za nchi nyingi ziliwategemea vyura hao kupima mimba.

Ni hasara, basi, mwanafunzi wa Musoma kuujua mrija huu kwa picha ya kitabu peke yake, ilhali mwalimu angeweza kumpasulia chura wa kiangazi na chura wa masika, waliovuliwa katika lambo moja, akaipima mirija yao kwa rula.