Kangaga Juu ya Mnazi Si Adui

Wakulima wengi wakiona mmea umetambaa juu ya shina la mnazi hudhani ya kuwa unaunyonya mti. Mara huchukua panga wakaukwangua, au huwasha moto chini yake. Ikiwa mmea huo ni kangaga, kazi hiyo ni bure, tena ina hasara.

Kangaga litambaalo, ambalo wataalamu huliita Phymatosorus scolopendria, huota tangu pwani yetu hata visiwa vya Pasifiki. Halina ua wala mbegu. Chini ya jani lake kuna vidoa vya rangi ya kahawia, na humo hutoka unga mwembamba uchukuliwao na upepo. Mizizi yake hushika shina kwa nje tu. Maji hupata kwa mvua na umande, na mbolea yake ni vumbi na majani yaliyooza. Ling'oe kwa vidole, nawe utaona shina la mnazi halina tundu.

Kirukia ni mbali. Huo huingiza mzizi ndani ya tawi na kunywa maji ya mti. Ndege hula matunda yake na kuacha mbegu zenye ulimbo juu ya matawi mengine. Ukiuona juu ya mwembe au mchungwa, kata tawi chini ya mahali uliposhika, kabla matunda yake hayajaiva.

Mnazi haufai kuchezewa kwa panga. Jeraha la mwembe hufunikwa na gome jipya, lakini jeraha la shina la mnazi halifungiki maisha. Hapo huingia uozo na wadudu. Na mnazi mrefu wa pwani huchukua miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa. Ukiuharibu leo, utangoja sana.

Katika Ndau na visiwa vingine vya Lamu mvua nyingi hunyesha wakati wa masika, hasa mwezi wa Mei. Kaskazi ikiwa kavu sana, mnazi huangusha vidaka, na kangaga lililo shinani hulaumiwa. Kabla ya kulaumu, mkulima afanye hivi:

1. Atazame kilele. Makuti yaliyokatwa kwa umbo la pembe tatu ni alama ya chonga. Amtoe kwa waya wenye ndoana.

2. Aondoe magogo ya minazi yaliyooza na marundo ya samadi ya zamani, maana ndimo chonga huzaa.

3. Atandaze makuti na majani makavu kuzunguka mti, mbali kidogo na shina, ili udongo usikauke upesi.

4. Kangaga likiwa njiani mwa mkwezi aling'oe kwa mkono, maana likilowa huteleza, na mkwezi aweza kuanguka.

Linalobaki aliache. Kangaga ni mpangaji asiyelipa kodi, lakini haibi chakula cha mwenye nyumba.